Siyo Huyo Mwenye Mkia Mrefu

Don Anselmo Pillajo ana cheti. Naanza na hilo kwa sababu yeye mwenyewe ndivyo anavyoanza, hata ukimsalimia tu njiani. Cheti cha kuongoza watazama ndege, alichopata kwenye semina ya siku mbili mjini, ukitoa muda wa kula siku moja na nusu. Amekitia kwenye plastiki, amekining'iniza shingoni, na anazunguka nacho kijiji chetu kizima cha Chaupiloma kama fahali aliyeshinda kwenye maonyesho.

Na ndege anayetafutwa hawezi kumtambua.

Hapa kwetu mgongoni mwa mlima Pichincha kolibri, wale ndege wadogo wanyonya maua, wamejaa kama nzi. Anasimama hewani mbele ya ua, mbawa zinavuma huzioni, ananyonya, anagombana na mwenzake, huyo kaondoka. Hao hakuna anayewajali. Watu wanaotoka mbali na madarubini yao wanamtaka mmoja tu, zamarrito mweusi, ambaye amebaki kwenye misitu michache ya milima yetu na si kwingine duniani. Jina hilo ni la zamarro, zile suruali za ngozi ya mbuzi zenye manyoya yake, wanazovaa wapanda farasi. Huyu ndege naye ana manyoya meupe miguuni, mafungu mawili, kama kakanyaga pamba.

Sasa wajinga wanaishia hapo. Wakiona miguu myeupe tu, "Huyooo!" Na don Anselmo na cheti chake anaishia hapo hapo.

Lakini miguu myeupe anayo pia binamu yake wa kijani, ambaye yuko kila mahali. Huyo wa kijani ni mkubwa, anang'aa, paji la uso la bluu, na mkia mrefu uliogawanyika kama mkasi. Anakuja kwenye chupa za maji ya sukari, anafukuza wenzake, anajitanua. Kwa kifupi ni don Anselmo aliyeota mbawa. Zamarrito dume ni mdogo, hazidi kidole changu cha kati. Mkia wake mfupi. Na ni mweusi. Kwenye kivuli utasema ni kipande cha mkaa kinachoruka. Mpaka ageukie mwanga ndipo unaona zambarau kooni na zambarau nyingine chini ya mkia, halafu inazimika. Jike anasumbua zaidi, maana yeye ni kijani kweli, tumbo lina dhahabu kidogo, na hapo uangalie mkia na umbo, usiangalie rangi. Wote wawili kwetu hawaji kwenye chupa. Wanakaa chini chini vichakani, wananing'inia kwenye ua kwa miguu, wananyonya haraka kama wezi.

Mimi sina cheti. Shule niliiacha nina miaka kumi na tatu, baba alipoanza kukohoa na mtu wa kupanga magogo akakosekana. Haya yote nimeyajua kwa kuchoma mkaa. Tanuri la udongo linalindwa siku kumi. Unakaa pale, hutikisiki, macho kwenye udongo, maana ukitokea ufa hewa inaingia na jasho lako lote linakuwa majivu. Mtu akikaa siku kumi bila kutikisika, ndege wanamwona kisiki. Zamarrito amewahi kutua kwenye mpini wa beleshi langu.

Kuchoma kumekatazwa, najua. Kijiji kizima kilinyoosha mikono kukataza, halafu kijiji kizima kikaendelea kununua.

Basi, mwezi wa pili ikaja habari kwamba shirika moja la Quito litamtuma daktari wa ndege, si wa kuwatibu, wa kuwachunguza, doña Noemí Chiluisa. Atakaa siku tatu. Akimwona zamarrito kwa macho yake, ukingo wetu wa juu utaandikishwa kuwa hifadhi na kijiji kitachagua mlinzi mmoja wa kulipwa kila mwezi. Asipomwona, wanahamia bonde lingine. Mkutanoni don Anselmo, ambaye ni mwenyekiti wa kamati ya maji na wa kila kitu kingine, akasoma masharti. La mwisho: mlinzi asiwe mtu aliyekutwa anakata au anachoma juu huko.

Vichwa vyote vikageuka nyuma nilipokaa. Nikaificha mikono yangu yenye mkaa ndani ya poncho, shuka langu la kuvaa.

Niseme ukweli, kazi ile niliitaka mpaka ikanikosesha usingizi. Nimeshabeba magunia sokoni Quito mara mbili, nimelala watu wanane chumba kimoja, nimeitwa "mtu wa mlimani" na watu ambao babu zao walitoka huku huku. Hii ilikuwa kazi ya kulipwa kukaa msituni. Nani anaiweza kama mimi? Yandry? Yandry ni mpwa wa don Anselmo, kamaliza sekondari, anaogopa ukungu.

Don Anselmo akaitisha msaragambo. Kila nyumba itoe mtu mmoja, asiyekuja anakatiwa maji, ndivyo tulivyo toka enzi. Kazi yenyewe: kuandaa mahali pa kumpokea daktari, pale kwenye kona ya juu palipo na mandhari. Watu sitini na mapanga. Sisi kwenye msaragambo tuna ugonjwa mmoja, hatujui kuacha. Ukitupa barabara tunasafisha barabara, halafu ukingo, halafu shamba la jirani, mpaka jiwe linabaki uchi. Wakafyeka kona yote. Wakapanda maua ya mjini kwenye makopo ya rangi. Wakapiga chokaa mawe. Wakatundika chupa nane za maji ya sukari zenye midomo myekundu.

Na walichofyeka ni vile vichaka vyenye maua ya zambarau, ambavyo zamarrito alikuwa anakuja kunyonya kila asubuhi.

"Don Anselmo," nikamwambia, "hivyo vichaka ndiyo chakula chake."

"Chakula chake kiko kwenye chupa, kijana. Sukari kilo nne nimeweka."

"Haji kwenye chupa yule."

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Wewe na cheti kipi?" Watu wakacheka. Doña fulani akasema mwachieni, moshi umempanda kichwani. Don Anselmo akanipiga bega. "Daktari anatoka mjini. Tumpokee kwenye magugu? Atasema sisi watu wa porini. Kata, mwanangu, kata, mama yako anahitaji maji."

Nikakata. Ndiyo, nilikata na mimi. Siwezi kujifanya nilisimama kando kama mtakatifu.

Daktari akaja. Mwanamke mfupi, mafua makali, koti la mvua lenye viraka, hana maneno. Nilitegemea mtu wa mbwembwe, nikamwona anavua buti na kukung'uta mchanga kama yeyote yule. Akapelekwa kwenye kona. Akaangalia mawe ya chokaa. Akaangalia visiki vya vichaka, vibichi bado, vinatoa maji. Akapiga chafya.

"Hivi vimekatwa lini?"

"Juzi tu, Daktari!" Don Anselmo akajibu kwa fahari. "Watu sitini!"

 Akakaa.

Siku ya kwanza don Anselmo alimwonyesha zamarrito mara kumi na saba. Nilihesabu, nilikuwa nimebebeshwa chupa za chai. Kila wa kijani akija kwenye sukari, yeye anarukaruka. "Huyo, Daktari! Miguu hiyo! Pamba hiyo!"

"Mkia mrefu," anasema daktari.

"Labda ni mtu mzima."

"Ni mwingine, don Anselmo. Ni wa kawaida."

Siku ya pili akamwonyesha mara kumi na moja, na mara moja akamwonyesha nyuki mkubwa. Mchana ule mke wake akaleta nyama ya nguruwe ya kuokwa, mahindi ya kuchemsha na viazi, watu wakala, ukungu ukashuka, ikawa basi. Nikamsikia daktari anapiga simu kwa mtu wake mjini: "Kesho saa sita nashuka. Hapana, sijamwona. Wamefyeka."

Jioni nilimkuta mama jikoni anamenya maharage, simbilisi, wale panya wetu wa kufuga, wanapita miguuni mwake wanagombania maganda.

"Nampeleka," nikasema.

"Kwenye tanuri lako?"

"Kwenye vichaka. Vile vya zambarau vimebaki pale tu, kando ya tanuri."

"Si ndiyo nimesema kwenye tanuri." Mama hapotezi maneno. "Lina siku ya ngapi?"

"Ya sita."

"Libomoe."

"Siku ya sita, mama? Nikilifungua linawaka. Litachoma vichaka, ndege na mimi."

Akamenya tatu nne. "Basi nyamaza. Aende zake. Tutaendelea kama tulivyo."

"Kama tulivyo ni nini? Kama baba? Kukohoa mpaka..."

"Funga mdomo wako, Rolando." Nikafunga. Baadaye kidogo akasema, bila kuniangalia, "Asubuhi upepo unashuka bondeni. Ukimpitisha juu hatasikia moshi."

Nilikuwa nimeshawaza hilo. Ningempitisha kwa juu, kwenye mianzi, tukae mita ishirini juu ya vichaka, amwone, aandike, nimrudishe njia ile ile. Tanuri liko chini ya ukingo, limefunikwa kwa majani mapana ya mmea tunaouita dole, na udongo. Asiyejua haoni.

Asubuhi ya tatu nilifika kwenye kona bado sijapata namna ya kuanza. Don Anselmo akanisaidia. Alikuwa ameishiwa na ndege wa kuonyesha, sasa anatafuta wa kulaumu.

"Ukweli ni huu, Daktari," anasema, mkono kifuani kwenye cheti. "Ndege walikuwepo. Waliomaliza ni wachoma mkaa. Kama marehemu Segundo Simbaña, baba wa huyu hapa. Watu wasio na elimu. Tumejitahidi kuwaelimisha."

 Baba yangu alimuuzia mkaa huyu mtu miaka kumi na minane.

"Hajaisha," nikasema. "Daktari, vaa buti. Yuko nusu saa kutoka hapa."

Daktari akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Yukoje?"

"Mweusi. Mdogo. Mkia mfupi, una bluu mwanga ukiushika. Koo zambarau. Anashika ua kwa miguu."

Alikuwa ameshasimama kabla sijamaliza.

Nilitaka twende wawili. Lakini mwenye cheti hawezi kuachwa, na mwenye cheti haendi bila mpwa wake. Tukaenda wanne. Yandry anauliza kila hatua kama kuna nyoka. Don Anselmo anapumua kama mpira wa baiskeli uliotobolewa, na anatoa maelezo.

"Hii inaitwa mianzi, Daktari."

"Najua mianzi, don Anselmo."

Nikawapanga juu ya ukingo. Nikasema kaeni, msitikisike, fungeni midomo. Upepo ulikuwa unashuka vizuri. Tukakaa. Ukungu ukaja, ukapita. Dakika arobaini hivi. Daktari alikuwa anabana chafya kwa vidole viwili, machozi yanamtoka, lakini hakupiga hata moja. Hapo nikamheshimu.

Akaja. Hakuna kelele, hakuna maringo, kipande cheusi tu kimetoka kwenye weusi wa majani. Akashika ua la kwanza kwa miguu. Pamba zile mbili, nyeupe kabisa. Akaenda la pili. Akageuka, na jua dogo lililokuwepo likampata kooni.

 Mkono wa daktari ulinishika mkono wangu, na nadhani hata hakujua kwamba ni mkono wa mtu. Maua matano. Sita. Nikawaza: nimepata kazi. Kweli, niliwaza hivyo, kwa maneno hayo hayo.

"Yuko wapi? Mbona mimi simwoni?" Don Anselmo akanong'ona kwa sauti ya kuita ng'ombe, akasimama.

Alikanyaga majani makavu ya mianzi, yakateleza. Akashuka ukingo wote kwa makalio, kofia upande mmoja, darubini upande mwingine, akavuka vichaka, na alipotafuta pa kusimama mguu wake wa kulia ukazama mpaka gotini ndani ya tanuri langu.

Kelele aliyopiga sijawahi kuisikia kwa binadamu. Akautoa mguu, buti la mpira linafuka, akalivua, akalitupa, akaanza kupanda kwa mikono na magoti. "Moto! Chini kuna moto! Mlima unalipuka!" Yandry alishakimbia. Alikimbia aliposikia neno la kwanza.

Mimi nilikuwa naangalia shimo. Mvuto wa hewa unausikia, kama mtu anavuta supu. Moshi wa kijivu ukageuka mweupe, halafu ukageuka moto, ulimi wa kwanza urefu wa mkono. Vichaka viko hatua tatu. Kulikuwa kukavu wiki ile.

Hapo ningeweza kufanya kama wengine, kukimbia nikipiga kelele. Nani angejua? Tanuri la mtu asiyejulikana, mwenye cheti kalitumbukia, moto umekula vichaka, bahati mbaya, lakini daktari ameshamwona ndege, na kijana aliyemwonyesha ni Rolando Simbaña mikono safi. Niliyaona yote hayo, hesabu nzima. Ila ningekuwa mlinzi wa nini? Wa visiki, kama wale wa kwenye kona.

Nikashuka. Nikapeleka mkono chini ya jani la tatu la dole, kushoto kwa jiwe, nikatoa beleshi, nikaanza kurusha udongo. Kwanza pembeni mwa shimo, siyo katikati, maana ukirusha katikati linapumua kwingine. Kisha majani mabichi. Kisha udongo tena, unashindilia kwa mgongo wa beleshi. Nyusi ziliungua. Dakika ishirini hivi likafunga mdomo. Kichaka kimoja kilikuwa kimekauka upande, vingine vizima.

Nilipogeuka, daktari alikuwa amesimama pale pale juu. Sasa akapiga chafya zake zote, nne au tano mfululizo.

"Beleshi umelijuaje liko hapo?" akauliza.

Nilikuwa na uongo wa namna tatu tayari. Sikutumia hata mmoja, nilikuwa nimechoka.

"Ni langu. Na tanuri ni langu."

"Kumbe ni wewe!" Don Anselmo huyo, juu ya ukingo, soksi moja, kapata pumzi. "Daktari, naapa, kijiji hakikujua! Tumetiwa aibu!"

"Nguruwe wa mkeo anaokwa na nini kila Jumapili?" nikamuuliza. "Maombi?"

Akainama kuivuta soksi yake. Daktari akaangalia chini kwenye daftari lake, nadhani ile nyama ilimrudia kooni.

Aliandika kwa muda mrefu. Aliandika ndege, saa, urefu wa mlima, maua. Halafu akasema, "Ukingo utaandikishwa. Nimemwona vizuri kuliko nilivyowahi kumwona." Akafunga daftari. "Na wewe siwezi kukuandika, Rolando. Sharti unalijua."

"Nalijua."

"Ungeniambia jana..."

"Jana ungefanya nini?"

Akafuta pua. Angalau hakunidanganya. Akaniuliza tu kama tanuri litapoa lini, nikamwambia baada ya siku nne, akasema liwe la mwisho. Nikasema la mwisho.

Kijiji kikapiga kura. Yandry Pillajo, mlinzi wa hifadhi, mikono hamsini na sita. Don Anselmo akatoa hotuba, anachechemea, akasema jinsi alivyomgundua ndege kwa kuhatarisha mguu wake. Watu wakampigia makofi. Mama hakunyoosha mkono wala hakupiga makofi, alikuwa anamenya maharage hata kule.

Wiki ya tatu Yandry akaja nyumbani. Koti jipya, buti jipya, kofia yenye nembo. Akasimama mlangoni anakanyagakanyaga.

"Kaka Rolando. Wanataka ripoti kila mwezi. Nimeona mara ngapi, dume au jike."

"Si uandike."

"Niliandika. Niliandika mia moja ishirini na nne." "Daktari amenipigia simu. Ameniuliza kama mkia ulikuwa mrefu."

Nilicheka mpaka simbilisi wakakimbilia chini ya kitanda. Nikamwambia akamuulize mjomba wake, ana cheti. Akaondoka. Kesho yake akarudi, na keshokutwa, amelowa, mdomo wa bluu kwa baridi, na siku ya nne nikaenda naye. Siyo kwa huruma. Nilitaka kujua kama ndege alibaki baada ya ule moto, na njia ya peke yangu sina tena, siruhusiwi kupanda bila mlinzi. Ndiyo, mlinzi ni yeye.

Tukakaa juu ya vichaka. Yandry ana darubini ya shirika, penseli, daftari lenye mistari.

"Huyo?"

"Siyo."

"Ana miguu myeupe!"

"Mkia, punda wewe. Angalia mkia."

"Huyo je?"

"Huyo ni kipepeo."

"Sasa nitamjuaje, kaka?"

"Kwanza fungeni huo mdomo, wewe na darubini yako."

Akafunga. Akainama kuandika sijui nini, labda kipepeo. Na hapo akaja, kwenye kile kichaka kilichoungua upande, kwenye matawi mabichi. Dume. Mweusi, mfupi, pamba zake miguuni. Ua moja, mawili, manne. Akageuza koo likawaka zambarau, likazimika, akarudi kwenye giza la majani.

Nikawaza: akishamwona huyu, kesho nani atanipandisha? Yandry akainua kichwa. "Vipi? Kuna kitu?"

"Hamna," nikamwambia. "Andika hamna. Kesho tuje mapema zaidi."